Majina stendi: zege au kitambaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huku Muleba, Kagera. Tuko 34, wengi tulianza dawa 2005 na 2006. Tuna daftari la majina ya ndugu zetu waliotangulia, yamefika 61. Diwani ametupa eneo dogo karibu na stendi, na fundi mwashi yuko tayari kutujengea mnara wa zege wenye kibao cha marumaru nyeusi ili majina yachongwe hapo. Lakini mjane mmoja amekataa jina la mumewe liwekwe, na kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema tuache mnara, tuchore sura zao ukutani. Nchi nyingine walifanyaje? Na je, tuandike neno UKIMWI au tuliache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Fundi usimlipe kwanza. Kama ameshachukua malipo ya awali, mwambie asubiri. Kazi ataipata, ila itakuwa nyingine.

Nianze na mjane, maana barua yako imemhesabu kama kikwazo. Mimi naona yeye ndiye wa kwanza kati yenu kuuliza swali ambalo haliepukiki katika kumbukumbu za namna hii: jina likishawekwa hadharani, nani anabaki kulibeba? Marehemu amemaliza. Anayepita stendi kila asubuhi na beseni lake la ndizi kichwani ni mjane. Mwanawe akipeleka posa, wakwe watapita pale kusoma. Sheria yetu ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya vipimo vya mtu yawe siri, na siri hiyo haikai kwenye faili la CTC, kliniki ya dawa, peke yake. Ukichonga jina la mume, umeshasoma majibu ya mke mbele ya watu.

Marumaru haina mlango, ndiyo shida yake. Husomwa na aliyekuja kuomboleza, na husomwa vilevile na anayesubiri basi akitafuta la kuongea safarini. Ukiangalia kumbukumbu zilizofanikiwa, utakuta nyingi ni vitu vinavyofunguliwa na kufungwa.

Kubwa kuliko zote duniani ni nguo. Novemba 1985, mjini San Francisco, watu walikuwa katika maandamano ya mishumaa ya kila mwaka kuwakumbuka Harvey Milk, mjumbe wa baraza la jiji, na meya George Moscone, waliouawa kwa risasi 1978. Mwanaharakati Cleve Jones alikuwa amepata habari kwamba waliokufa kwa UKIMWI katika mji ule peke yake wamepita 1,000. Akawaomba waandamanaji waandike kwenye makaratasi magumu majina ya waliowapoteza. Mwishoni wakapanda ngazi, wakayabandika yote kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu. Jones alipourudia ukuta ule kwa macho, aliona blanketi la viraka, kama yale aliyoyajua kwa bibi yake.

Mwaka 1987 akatengeneza kipande cha kwanza, cha rafiki yake Marvin Feldman. Kipimo chake ni futi 3 kwa 6, kama sentimita 90 kwa 180, na hicho ni kipimo cha kaburi, kilichowekwa kwa makusudi. Wengi wa waliokufa miaka ile ya mwanzo kule Marekani walikuwa wanaume wa mapenzi ya jinsia moja, na baadhi yao walikanwa na familia zao. Zilikuwapo hata nyumba za maziko zilizokataa kupokea miili. Asiye na kaburi la kutembelewa, marafiki wakamshonea la nguo. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandikwa kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya Washington. Mwaka 1996 vikaujaza uwanja ule wote, na tangu hapo havijawahi kutandikwa vyote pamoja, kwa wingi wake. Sasa ni kama 50,000, vina majina zaidi ya 100,000 na uzito wa tani 54.

Waandishi wanazipenda hizo tani. Mimi, niliyetumia miaka mingi kutunza nguo za makumbusho, napenda zaidi utaratibu wa kuitandika. Watu waliovaa meupe huifungua mkunjo kwa mkunjo, taratibu, huku majina yakisomwa moja moja. Ikifika jioni hukunjwa, ikarudi ghalani. Ukumbusho unafika, unakaa na watu, kisha unaondoka. Ukiitazama hivyo, imekaribia matanga kuliko mnara.

Jambo la pili la nguo ile: kila kipande kinasema kwa mdomo wake. Kuna vyenye suruali za jinzi, midoli, pete, picha, barua. Kuna vyenye jina la kwanza tu, kwa sababu mwenyewe au watu wake hawakutaka zaidi. Na kuna kipande maarufu cha wakili Roy Cohn, mtu mwenye nguvu na maadui wengi, ambacho aliyekishona alikitia maneno matatu tu: mwonevu, mwoga, mhanga. Sikwambii mfanye hivyo Muleba. Nakutajia uone kwamba nguo ilimpokea hata mtu ambaye hakusamehewa. Kibao cha marumaru hupanga wote mstari mmoja, herufi za aina moja, kama orodha ya mgao wa mbolea.

(Hapa huwa nacheka kidogo. Wafanyabiashara wa Salem, kule kule Marekani, ndio waliotuletea Unguja karne ya 19 kitambaa kile kigumu tunachokiita hadi leo marekani. Kwa hiyo mkishonea ukumbusho wenu juu ya marekani, mtakuwa mmewarudishia kitu chao kikiwa na majina yenu.)

Lakini msiige kila kitu. Kule marafiki walishona kwa sababu familia zilificha. Kwenu familia ndizo zilizouguza. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera, 1983, na kabla ya watu kujua jina la kitaalamu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa inavushwa kutoka Uganda. Waliokufa mliwazika kibanjani, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kila kaya inajua kaburi lake liko wapi. Kwa hiyo kaburi la nguo si ndilo mnalolihitaji zaidi. Kinachowapungukia ni kusikia mazishi yale yote, yaliyofanywa kila moja peke yake, yakitajwa kwa pamoja. Wewe mwenyewe umehudhuria mangapi ambapo historia ya marehemu ilisomwa hadi ikafika kwenye "aliugua kwa muda mrefu", kila mtu akatazama chini?

Mfano unaofanana zaidi na wenu uko Afrika Kusini, kijiji cha Hamburg, jimbo la Eastern Cape. Daktari na msanii Carol Hofmeyr alikuwa ameanzisha pale mradi wa darizi. UKIMWI ulipokikamua kijiji, wanawake zaidi ya 100 walikaa wakadarizi kazi moja kubwa, iliyokamilika 2005, inayoitwa Keiskamma Altarpiece. Ni mlango juu ya mlango: mbao zenye bawaba, urefu zaidi ya mita 4, upana karibu 7 ikifunguliwa. Waliifuata kwa umbo kazi ya mchoraji Matthias Grünewald, aliyoichora miaka ya 1512 hadi 1516 huko Isenheim kwa ajili ya watawa waliokuwa wanauguza watu wenye maradhi ya ngozi kuungua na viungo kuoza. Grünewald alimpa Yesu msalabani mwili wenye vidonda kama vya wagonjwa wale. Wanawake wa Hamburg, pale penye msalaba, wakamweka mjane na yatima. Ukifungua mlango wa mwisho kabisa, darizi inakwisha: unakutana na picha halisi, za ukubwa wa mtu, za bibi watatu wa kijiji wakiwa na wajukuu.

Nilipoiona kwa mara ya kwanza katika picha nilikaa nayo siku nzima. Angalia walichokifanya: aliye katikati upande wa nje, anayeonekana na kila mpita njia, ni mjane asiye na jina. Picha halisi za watu ziko ndani, na kuzifikia lazima mtu afungue. Mjane wenu anawaomba kitu hicho hicho.

Uganda walienda ndani zaidi. Katika miaka ya 1990, kabla dawa hazijafika, akina mama wenye VVU walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo, bibi mzaa mama anakaa wapi, ulizaliwa siku gani, ulikuwa unapenda kula nini, baba yako alichekaje. Huo ni ukumbusho wa msomaji mmoja. Kama katika daftari lako la majina 61 kuna waliowaacha watoto ambao sasa ni watu wazima, anzeni kuandika ya namna hiyo pia, maana mnaowakumbuka vizuri mnazeeka.

Kwa haki nitaje na walioandika majina hadharani wakafanikiwa. Toronto, Kanada, tangu 1993 kuna nguzo za zege bustanini zenye mabamba ya chuma, na majina huongezwa kila mwaka. Imefaa kwa sababu jina huingia likiletwa na watu wake. New York nao waliufungua ukumbusho wao tarehe 1 Desemba 2016, mkabala na palipokuwa hospitali ya St. Vincent's: paa jeupe la chuma la pembetatu, na sakafuni mawe yaliyochongwa mashairi ya Walt Whitman. Jina la marehemu hata mmoja halipo. Katika mji uliopoteza zaidi ya watu 100,000 kwa UKIMWI, waliona afadhali wajenge kivuli ambacho yeyote anaweza kukaa chini yake bila kuulizwa amekuja kwa ajili ya nani.

Sasa sura za ukutani. Hapa nasema kama mkosaji. Miaka iliyopita, katika mkoa mwingine, nilisaidia kikundi kuchora ukutani sura za wenzao kumi kutoka picha za pasipoti. Kila sura tuliombea ruhusa kwa mzazi. Ukuta ulipendeza, watu wakaja kupigia picha. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, tukakuta uso wa mama mmoja umekwanguliwa kwa panga hadi plasta. Aliyefanya hivyo alikuwa binti yake. Bibi alikuwa ametupa ruhusa, binti hatukumuuliza, na alikuwa anasubiri kuolewa mwezi ule. Alikuja mwenyewe kutuambia, akiwa bado na vumbi mikononi. Hakuna aliyemlaumu, tuliolaumiwa ni sisi, na kwa haki. Tangu siku ile siombi ruhusa kwa mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Zaidi ya hapo, kama mna Waislamu kikundini, wapo ambao sura ukutani itawaudhi kwa sababu za dini, na hao hawataki kushawishiwa.

Kuhusu neno UKIMWI, ushauri wangu ni huu, nao ndio uti wa mgongo wa barua hii: neno na majina visikae mahali pamoja. Neno liwekwe stendi, wazi, kwa herufi kubwa, mahali pasipo na jina la mtu. Majina yawe kwenye kitambaa, na kitambaani neno halina haja ya kuandikwa. Mtu akisoma neno stendi hajui ni la nani. Akisoma majina kwenye kitambaa, amekuja kwa sababu anawajua.

Neno msilifiche, hilo nawaomba. Mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirudi kwao Uganda 1989 akatangaza mbele ya watu kwamba anaumwa UKIMWI, akaimba juu yake, akafa Desemba mwaka ule ule akiwa na miaka 38. Uganda inamkumbuka kila Oktoba. Gugu Dlamini, kule KwaZulu-Natal, alisema hadharani kwamba ana VVU, akauawa Desemba 1998. Bustani katikati ya Durban ina jina lake. Hao wawili walichagua wenyewe kutajwa pamoja na neno. Wenu 61 hawakuulizwa, na mitaani walizoea kusikia "kakanyaga waya" badala ya neno lenyewe.

Basi eneo la stendi mlifanyeje? Kule San Francisco kuna bonde ndani ya bustani ya Golden Gate lililokuwa limeachwa likawa pori. Mwaka 1991 watu waliofiwa walianza kwenda kulifyeka na kupanda miti. 1996 likatambuliwa kuwa ukumbusho wa taifa. Walianza na majembe. Fundi wenu atengeneze benchi mbili ndefu za zege na paa la bati la abiria kujikinga jua na mvua, nanyi mpande miti miwili mitatu ya kivuli. Ukutani mwandike sentensi moja tu, fupi, yenye neno lenyewe, mtakayokubaliana. Diwani mwombeni eneo kwa maandishi, liingie kwenye muhtasari wa kamati ya maendeleo ya kata na nakala iende halmashauri. Stendi huhamishwa, na diwani naye hubadilishwa.

Kitambaa ni kazi yenu wenyewe. Nusu ya urefu na nusu ya upana wa kipande cha Marekani inawatosha: kila kipande sentimita 45 kwa 90. Vipande 8 vikishonwa pamoja, vinne juu na vinne chini, mnapata mraba wa sentimita 180 kila upande, ambao watu wanne wanaubeba bila shida. Mnahitaji miraba 8. Mkipata marekani ya upana wa sentimita 90, mgongo wa mraba mmoja unataka kama mita 4 ukihesabu pindo, jumla mita 32. Juu yake familia ilete kitambaa chake: kanga ya marehemu, kitenge, kola ya shati, sare ya kwaya. Jina lishonwe kwa uzi. Kalamu ya wino inafifia, na rangi ya kupuliza inapasuka kwenye mikunjo. Picha si lazima, na asiyetaka jina kamili ashone herufi moja, au "Baba Koku", au chochote ambacho nyumba yake itakielewa.

Kwenye utunzaji ndipo vikundi vingi hushindwa. Zege linataka nondo, kitambaa kinaogopa nondo. Ogopeni pia panya, unyevu na jua. Fueni vitambaa vyote kabla ya kushona na vikauke kabisa, maana jasho na mafuta ya chakula ndiyo yanayowaita wadudu. Msikunje kwenye mstari ule ule kila mara. Mkunjo wa kudumu hukata nyuzi kama kisu butu. Wekeni shuka jeupe safi katikati ya mikunjo, kisha kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Kila baada ya miezi mitatu litoeni mlipunge hewa kivulini, mkikagua kila pindo. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Msiweke mpira wala plastiki humo ndani. Plastiki inashika unyevu wa kitambaa.

Kufungua, nashauri mara mbili kwa mwaka: tarehe 1 Desemba, na Jumapili ya tatu ya Mei, siku ya mishumaa ya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, ambayo ilianzia 1983 huko Marekani na sasa inafanyika nchi nyingi. Desemba kutakuwa na wageni, hotuba na fulana. Mei muwe wenyewe, uani kwa mtu au kwenye ukumbi wa kanisa au madrasa watakaowakubalia, mfungue, majina yasomwe, mnywe chai, mfunge. Kamati isimwalike mwandishi wa habari siku ya Mei.

Miraba 8 ina nafasi 64, nanyi mna majina 61. Kwa hiyo zitabaki tatu, na mkimwondoa mume wa yule mjane zitakuwa nne. Msimfuate tena nyumbani kumshawishi. Kipande chake kishoneni pindo kote kote kama vingine, kwenye mraba alipo mtu aliyekuwa rafiki wa marehemu, na mkiache kitupu. Hakuna haja ya kumwambia kipo. Wa kwenu watajua, na siku moja ya Mei mmoja wao atamwambia.